Alimeza Yeye Kwanza

Kwetu Iringa, anayekukaribisha ulanzi, pombe ya mianzi, huonja kwanza. Anachota, anapiga funda moja mbele ya macho yako, anafuta mdomo, ndipo anakupa kopo. Hakuna anayekaa kukueleza kwa nini, maana kila mtu anajua: humu hamna sumu, na kati yangu na wewe hamna kinyongo. Ukikataa baada ya hapo umemtukana mwenzako, na habari zako zitafika kanisani kabla yako. Nimekulia katika adabu hiyo na sikuwahi kuona ubaya wake wowote, mpaka ilipomchukua mama yangu.

Mimi ni muuguzi. Nafanya kazi Mbeya, wodi ya watu wazima, na kwa upole sina sifa. Wenzangu wananiita Trafiki, kwa sababu mgonjwa mpya hafiki kitandani kabla sijamsimamisha na kumuuliza: "Unameza nini kingine?" Akisema hamezi kitu, nauliza tena, halafu naomba kuona mfuko. Nimekuta humo unga wa mlonge, mizizi iliyofungwa kwa kamba ya mgomba, chupa za soda zenye maji ya rangi ya chai, na vidonge vya jirani vilivyoviringishwa kwenye kipande cha gazeti. Mzee mmoja wa Kinyakyusa aliniambia, "Kijana, hata polisi hawajawahi kunipekua hivi." Nikamjibu kwamba polisi hawatamfutia matapishi. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu hauna breki.

Lakini ukorofi wangu una sababu. Dawa nzuri na dawa nzuri zikikutana kwenye mwili mmoja, wakati mwingine zinazaa kitu cha tatu ambacho hakuna daktari aliyekiandika. Nimewashika mikono watu waliouawa na kitu hicho cha tatu, na ndugu zao wakaondoka wakisema siku zake zilikuwa zimefika. Kwa hiyo nilipekua, nikafoka, nikachukiwa, na nikalala vizuri.

Mama aliletwa kwangu Mbeya mguu wake wa kushoto ukiwa umevimba. Alidhani ni baridi. Vipimo vikaonyesha damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge lile likihama linaweza kwenda kuziba mapafu. Akaanzishiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ya kumeza kila siku kwa miezi, huku damu ikipimwa mara kwa mara isije ikawa nyepesi kupita kiasi. Uvimbe ukashuka. Akaanza kufagia uwanja wangu bila kutumwa, kisha akaanza kuulizia mahindi yake yaliyokuwa yanakaukia shambani. Nikajua hatakaa.

Kabla hajaondoka nilimkalisha kwenye kochi, nikamfundisha kama ninavyofundisha wagonjwa wangu. Asimeze dawa yoyote ya maumivu isipokuwa parasetamoli. Asinywe dawa ya mizizi. Mboga za majani ale, ila kwa kiasi kilekile siku zote, asije akala sinia zima leo na kesho akaacha, kwa sababu zinapunguza nguvu ya dawa.

"Kumbe hata majani ya maboga yana kesi?" akauliza.

"Yana kesi, mama."

"Na maji je? Au nayo niombe kibali?"

Alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Alipenda kunitania. Aliwaambia majirani zangu kwamba wanaume wenzangu wa mtaani kwetu Ipogolo wanaendesha malori mpaka Kongo, mimi mwanawe nimebaki kuwapangia watu vidonge na kuwauliza kama wamepata choo. Lakini siku tuliyoagana stendi alinishika shavu, akasema, "Nimesikia yote, baba." Mama aliniita baba, kwa kuwa nimerithi jina la baba yake. Alikuwa amesikia kweli. Sijapata mgonjwa aliyekariri maagizo yangu vizuri kuliko yeye.

Nyumba yetu iko Ipogolo, kule chini barabarani ambako malori yanapumzika kabla ya kupanda mlima. Nyumba ya pili ni ya mwanamke aliyekuwa rafiki wa mama maisha yao yote ya ndoa. Yeye ni mzaliwa wa Ilula, na waliolewa pale mtaani wakiwa wasichana. Walichota maji pamoja, wakauza nyanya pamoja, wakazika waume zao pamoja. Mimi namwita mama mdogo ingawa hatuna damu moja. Nilipokuwa mdogo na mama akiwa shambani, nilikula kwake bila kuuliza kama nimepikiwa.

Baridi ya mwezi wa saba ilipoingia, mama akaanza kuumwa magoti. Hayakuhusiana na ule mshipa, ni magoti tu ya mtu aliyelima mteremkoni maisha yake yote. Jumuiya yao ya kanisa ikaja kumwona mgonjwa kama ilivyo desturi, na desturi haitaki mikono mitupu. Mmoja alileta sukari, mwingine sabuni, mwingine unga wa ulezi. Siku hizi, tangu maduka ya dawa yajae mitaani, watu huleta pia dawa iliyowaponya wao. Mama mdogo alileta vidonge vyake vya maumivu, diklofenaki, ambavyo vilikuwa vimemwezesha kupiga magoti tena kanisani. Alivinunua kwa hela yake ya nyanya. Alijua rafiki yake ni mwoga wa dawa, na kwamba mwanawe wa Mbeya amemjaza hofu. Basi akafanya kama tunavyofanya na ulanzi. Akatoa kidonge kimoja, akakimeza yeye kwanza, akanywa maji, akafungua mdomo mama aone. Kisha akampa.

Mama akameza. Kesho yake akameza tena, na siku zilizofuata, kwa sababu magoti yalikuwa yametulia, na kwa sababu mama mdogo alikuja kumuuliza anaendeleaje.

Diklofenaki huchubua tumbo. Kwa mtu mwingine, kama mama mdogo, mchubuko mdogo hufunga wenyewe na hajui kama aliupata. Kwa mtu ambaye damu yake imezuiwa kuganda, mchubuko hauna wa kuufunga. Mama alianza kupata choo cheusi, akadhani ni zile mboga. Akaona madoa ya bluu mikononi, akadhani amejigonga kwenye kinu. Hakuniambia kwenye simu. Aliniambia mahindi yamekauka vizuri.

Nilipigiwa asubuhi kwamba ameanguka jikoni na amepelekwa hospitali. Nilipanda basi. Barabara ya Mbeya kwenda Iringa naijua vizuri, lakini siku ile niliona Makambako kama imehamishwa mbele. Nilimkuta ana fahamu. Nilimgeuza kiganja nikakiangalia, kilikuwa cheupe kama ganda la yai, na kwa kazi yangu sikuhitaji kuambiwa kitu. Damu ilikuwa inaingia kwa mpira na kutoka kwa ndani. Manesi walikuwa wanafanya kila kinachofanywa, nami kwa mara ya kwanza nilikaa upande wa ndugu wa mgonjwa, kwenye kile kiti kisicho na kazi.

"Umemeza nini kingine, mama?" nikamuuliza.

Akaniambia yote, polepole, bila kuficha.

"Lakini nilikukataza. Si ulisema umesikia?"

"Nilisikia, baba. Lakini alimeza yeye kwanza, mbele yangu. Ningesemaje?"

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa moto, na alipoiona usoni mwangu akanishika kidole, kimoja tu, kama mtoto mchanga anavyoshika.

"Usimwambie mwenzangu," akasema. "Niahidi. Ataishije?"

Nikaahidi. Nadhani hata asingekuwa anakufa ningeahidi, lakini alikuwa anakufa, na jua lilikuwa bado dirishani alipokata roho. Nililia pale pale wodini kwa sauti, mwanamume mzima, na manesi wa watu wakanitoa nje kwa mabega kama ninavyowatoa wengine.

Kwenye msiba mama mdogo ndiye aliyeshika jiko. Alikuwa anaenda na kurudi na sufuria, macho yamevimba, anawapa watu kazi. Mimi nilikaa nikimtazama, na siwezi kusema nilimtazama kwa upendo. Kila alipopita nilihisi maneno yananipanda kooni. Baada ya maziko alikuja akakaa karibu yangu kwenye mkeka, akaniambia, "Angalau nilimpunguzia maumivu, mwanangu. Zile siku za mwisho alitembea vizuri. Nashukuru Mungu kwa hilo."

Nikasema nina kichwa kinauma, ili nisiseme kingine.

Akaingiza mkono kwenye fundo la khanga. Nikaviona, vidonge vilevile. Akakibana kimoja kikatoka, akakimeza, akafungua mdomo nione. Akabana kingine, akanipa kwenye kiganja.

Nilikitazama kile kidonge, kisha nikamtazama yeye. Shingo imenyooka, ananisubiri, hana hatia hata chembe. Pale ndipo nilipomwelewa mama. Miaka yote ya kufoka wodini sikuwahi kujua jinsi ilivyo vigumu kukataa kitu ambacho mtu anayekupenda amekionja mbele yako. Nikakimeza.

"Umeona?" akasema. "Hiki hakina shida."

Nilimwomba kitu kimoja tu. Nilimwambia asimpe mtu yeyote dawa kabla ya kunipigia simu, na kabla ya kunipigia amuulize mtu huyo, unameza nini kingine? Alilichukua ombi lile kwa furaha, akadhani nimempa cheo. Na kweli akakishika. Alikuwa akinipigia nikiwa kazini, ananisomea maandishi ya maboksi herufi moja moja, kwa sauti ya darasa la kwanza. Akina mama wa jumuiya wakaanza kulalamika kwamba amekuwa mkali, hawezi kumpa mtu hata kidonge cha mafua bila kumhoji. Nilicheka niliposikia. Nilikuwa nimezaa Trafiki mwingine Ipogolo.

Siku moja nilikuwa sokoni Mwanjelwa nachagua viatu vya mtumba. Simu ikaita.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama mdogo. Za nyumbani?"

"Za huku nzuri. Nina mgonjwa hapa, mwenzetu wa jumuiya, karudi jana kutoka hospitali. Miguu inamtesa, anataka vile vidonge vyangu. Nimemuuliza anameza nini kingine. Subiri nikusomee."

Akaanza. W. A. R. Kabla hajafika mwisho nilikuwa nimekwisha kupiga kelele.

"Usimpe! Mama mdogo, usimpe kabisa! Hizo mbili hazikai pamoja, atatoka damu tumboni, atakufa!"

Muuza viatu aliacha anachofanya akanitazama. Watu wawili watatu wakageuka. Kwenye simu nilimsikia mama mdogo akimwambia mtu kwa utaratibu, "Hapana, dada, hivi sitakupa. Umeze ile ya hospitali tu." Nikasikia mlango, nikasikia kuku, nikajua ametoka nje. Nilidhani atakata. Hakukata.

"Mwanangu," akasema, "hivi vidonge vya huyu mama, mbona kama ninavijua? Si ndivyo vile mama yako alikuwa anaviweka kwenye kopo la maziwa, pale dirishani?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimeahidi, na uongo nao ungekuwa namna ya kutimiza ahadi. Mimi ambaye sijawahi kukosa neno la kumtupia mtu, nilisimama na kiatu kimoja mkononi nikiwa sina hata moja. Alisubiri, na kadiri alivyosubiri ndivyo nilivyomsikia akielewa.

"Nilimeza mimi kwanza," akasema.

"Najua, mama mdogo. Aliniambia."

"Mbele yake. Nikafungua mdomo akaona."

"Najua."

"Nilimeza mimi kwanza, mwanangu."

Muuza viatu akaniuliza kama nachukua au sichukui. Nikakirudisha kiatu juu ya turubai. Kule Ipogolo mama mdogo alikuwa anapumua kwenye simu, nami nikawa napumua huku, na hakuna kati yetu aliyekata.