Paji la Ukoo

Katika ukoo wetu wanawake hawana nywele za pembeni. Ndivyo nilivyoambiwa tangu utotoni, nami nikaamini. Dada zangu wako hivyo, binamu zangu wako hivyo, na mimi nikijitazama kwenye kioo naona ngozi inayong'aa pale ambapo wenzangu wana vinyweleo laini. Tuliliita paji la ukoo. Tulitaniana kwamba hata tukipotezana sokoni Kyela tutatambuana kwa mapaji yetu.

Sote tulisukwa na shangazi yetu wa Ikolo. Mkono wake unasifiwa mpaka vijiji vya jirani, kwamba msuko wake haulegei hata mvua zetu zinyeshe wiki nzima. Anakubana katikati ya magoti, anavuta, macho yanapanda mpaka kuyafumba ni kazi. Ukilia anakwambia, "Nyamaza, ndo kupendeza huko." Kesho yake vipele vyeupe vinajaa kwenye mashina ya nywele. Tulipaka mafuta ya nazi, tukameza dawa ya kichwa, tukaenda kanisani tumependeza na homa juu.

Nampenda shangazi yangu, na nataka hilo lijulikane. Mama alipofariki, ni yeye aliyenichukua. Mkono huohuo ulinilisha na kuniogesha.

Binti yangu nilikuwa sijampeleka kwake kusukwa. Alirithi nywele za baba yake, nyingi, zinazoshuka mpaka karibu na masikio, nami nilizoea kuzichana zikiwa na maji na kumfunga vibutu viwili. Kila tukionana shangazi aliniuliza, "Kichwa hicho utaniletea lini?" Mwaka huu mtoto anaanza darasa la kwanza, basi Jumamosi moja asubuhi nikampeleka Ikolo, nikamwacha, nikarudi mjini kwenye shughuli zangu.

Mchana wifi yangu, mke wa kaka, alinijia nyumbani akiwa amejifunga kitambaa. Alikaa, akakifungua. Juu ya masikio palikuwa patupu. Palibaki vipele vilivyokauka na nywele chache zilizonyong'onyea. Nikacheka. Nikamwambia, "Karibu ukooni, wifi! Umelipata paji letu."

Hakucheka. Na mimi kicheko kikanikauka mdomoni, maana wifi kwao ni Ndandalo. Hana hata tone la damu yetu. Alipoolewa alikuja na nywele zilizojaa kote, sisi mawifi tukamwonea kijicho waziwazi. Tangu hapo anasukwa na shangazi.

Na mwanangu alikuwa magotini mwa shangazi saa hiyohiyo. Nilimwacha wifi kwenye kiti, nikapanda bodaboda bila hata kuuliza nauli. Wingu lilikuwa limeshatua juu ya mashamba ya mpunga, jeusi, na njia nzima watu walikuwa wanakimbia kufunika kakao waliyoianika. Nilitafuta maneno. Mtu aliyekulea unamwambiaje kwamba mkono wake unaharibu? Sikuyapata, na matone ya kwanza yalinikuta uani kwake.

Walikuwa barazani. Mtoto amenipa mgongo, kichwa kimebanwa magotini, na shangazi yuko kwenye msuko wa mwisho.

"Umewahi," shangazi alisema, uso umemchangamka. "Mtoto kapendeza hivi, hata ndaga ya kunishukuru hunipi?"

Nilizunguka mbele. Macho ya mwanangu yalikuwa yamevutwa juu, na pembeni mwa paji ngozi ilikuwa imeinuka vidonge vidonge kila nywele ilipotokea. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa nyoka.

"Shangazi, tufumue," nikasema.

"Tufumue nini?"

Nikamweleza habari ya kichwa cha wifi. Vidole vyake vikasimama. Afadhali angenigombeza. Aliinua mkono polepole, akagusa kitambaa chake mwenyewe, juu ya sikio, akauacha hapo. Mvua ikaanza kupiga bati.

Nilipiga magoti nikaanza kufumua msuko wa mbele. Mwanangu akakishika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Mama, usifumue! Sijalia hata kidogo. Bibi amesema nisipolia nitafanana na wewe."