Mtangazaji wa Sebuleni

Dada yangu hakuwahi kujua kitufe cha kupigia pasi wala cha kupigia shuti, lakini sisi watu wazima wenye kazi zetu tulikuwa tukikusanyika nyumbani kwake kila Jumamosi saa kumi jioni kwa ajili yake. Gemu ya mpira ilikuwa kisingizio tu. Kila mmoja angeweza kuicheza kwake, tena kwenye kochi ambalo springi hazijachomoza. Tulikwenda kumsikiliza akitangaza.

Alikuwa fundi cherehani. Miaka kumi na tisa alishona sare za shule kwenye chumba chenye vyerehani sita vinavyonguruma kwa pamoja, na humo ukitaka hata uzi lazima upige kelele. Sauti hiyo alirudi nayo nyumbani bila kuipunguza. Shemeji, mumewe, fundi wa friji, ni mtu wa maneno ya kuhesabika. Nadhani alimwoa ili kazi ya kuongea ndani ya nyumba ipate mwenyewe. Siku aliponunua mashine ya gemu, mtangazaji aliyemo ndani yake alidumu nusu saa. Dada alisema yule bwana anaongea kama anasoma risiti, akamzima sauti, akakaa kwenye mkono wa kochi, akaanza yeye.

Alitupa majina. Mwalimu wa hesabu, jirani yao, alikuwa Kadi Nyekundu, maana hajui kukaba bila kumvunja mtu mguu. Mimi nilikuwa Mzee wa Kona, kwa kuwa mashuti yangu yote huishia kuwa kona. Shemeji alikuwa Barafu. Wachezaji wenyewe, wale wenye majina makubwa duniani, hakuwa na habari nao. Aliwatambua kwa nywele na viatu. Mwenye rasta anampa mwenye viatu vya njano, mwenye viatu vya njano anajishauri, jamani, mtu mzima unajishauri nini na lango liko wazi. Mwalimu alikuwa akicheka mpaka anaachia pedi ya kuchezea, anafungwa, kisha analalamika kwamba kahujumiwa. Na kweli kahujumiwa. Kila Mwalimu alipokaribia kufunga, Dada alimtungia jambo la kumvunja mbavu.

Mwaka wa sita wa kututangaza, sauti ikaanza kukwaruza. Tulisema mafua, tukasema vumbi la vitambaa. Yeye mwenyewe alidai ni sisi, tunacheza vibaya mno, tunamchosha. Alikunywa dawa za kikohozi miezi minne, mpaka muuguzi mmoja aliyekwenda kushonesha sare za mwanawe alipomsikia, akamshika mkono na kumpeleka hospitali. Daktari alikuta uvimbe kooni, tena wa siku nyingi. Alieleza taratibu, wala hakuficha: kisanduku cha sauti kitatolewa chote, atapumulia tundu la shingoni, na Mungu akijalia atapona, lakini sauti ile haitarudi. Upasuaji ulipangwa Jumatatu. Shemeji ndiye aliyenipigia simu kunieleza, na hakuwahi kuongea nami dakika tano mfululizo kabla ya hapo.

Niliona wazi kwamba Jumamosi hakuna gemu. Ukaja ujumbe wa Dada: msichelewe. Nilikasirika, na mpaka leo sijui nilimkasirikia nani.

Tulimkuta amejifunga kitambaa shingoni, amekaa mahali pake. Mwalimu alileta pakiti ya biskuti, akabaki nayo mkononi. Dada akatangaza kwamba leo ni fainali, mechi moja tu, Barafu dhidi ya Mzee wa Kona, na Kadi Nyekundu akae kimya ajifunze. Sauti ilikuwa imebaki nusu, ila mdomo ulikuwa uleule. Dakika tisini tukatoka sare, bao moja kwa moja. Dakika za nyongeza hakuna aliyefunga. Tukaenda penalti.

Katika tano za kwanza kila mmoja alifunga tatu. Baada ya hapo ni moja moja: mmoja akifunga na mwenzake akikosa, mechi imekwisha. Ya sita niliikosa kwa uzembe wangu wa kawaida. Ikaja zamu ya Shemeji, mtu ambaye hajawahi kupiga penalti nje ya lango. Akaupaisha mpira juu kabisa. Nikamtazama. Yeye alikaza macho kwenye kioo cha runinga, amebana taya. Ndipo nikaelewa. Tukikosa wote wawili mechi haiishi, na isipoisha Dada anaendelea kutangaza.

Ya saba nikaupeleka nje, naye akaupeleka nje. Ya nane, ya tisa, ya kumi. Dada hakukosa la kusema: mpira umeangukia paa la jirani, mpira umekata kamba ya nguo, mpira umemkuta mtu anaoga na sabuni machoni. Mwalimu alikuwa akilia huku anajifanya anacheka. Kufikia ya kumi na tatu, sauti ilikuwa inapotea katikati ya neno, Dada anaisubiri, inarudi, anamalizia.

Ya kumi na nne nilipoipeleka nje, akanyamaza.

"Mnakosa makusudi," alisema.

Akamnyooshea Shemeji mkono.

"Mume wangu, lete hiyo pedi."

Shemeji akampa. Akamshika kidole gumba, akakiweka juu ya kitufe cha kupigia, na hakukiachia upesi. Dada akanigeukia.

"Na wewe huko golini usikae kama gogo. Ruka kweli. Ukiniachia nitajua."

Nilitaka kumwachia, Mungu ananiona. Lakini nilikuwa nimemdanganya tangu penalti ya saba, na sasa alikuwa ananiomba. Akajitangaza mwenyewe, anakuja fundi cherehani, hajawahi kugusa mpira tangu azaliwe, akabonyeza. Nikachagua kushoto. Kipa wangu akaruka, mpira ukamkuta mikononi.

Goli moja tu maishani mwake, nami ndugu yake wa tumbo moja nimemnyima.

"Amedaka!" Dada alikuwa amesimama, pedi imemwanguka. "Mzee wa Kona amedaka! Mdogo wangu amedaka jamani, mdogo wangu huyu!"

Miaka sita alinitangaza bila kunisifu hata mara moja. Lile "huyu" la mwisho halikutoka. Nililisoma midomoni mwake. Akakohoa muda mrefu, mkono mmoja ameuegemeza kichwani pangu, kisha akaketi na kujaribu tena kusema. Shemeji akatikisa kichwa kumwambia aache.

Zamu ilikuwa yangu. Kwenye kioo mchezaji wangu alisimama nyuma ya mpira, akisubiri. Dada alininyooshea kidole, akaashiria nipige. Nikaiweka pedi mezani, kwa sababu sikuweza kupiga mpira usio na mtu wa kuutangaza.