Dawa Zilizoishia Getini

Du. Du. Du.

Nilidhani kuna mtu anatwanga mihogo. Ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza katika mahabusu ya vijana, hapa Arua.

Nikachungulia chumba cha pili. Kijana anagonga kichwa ukutani. Taratibu, bila kulia.

"Achana naye," akasema Obeti, mwenyeji wa mle ndani. "Huyo Muzamili wa Koboko. Iko na jini."

"Jini gani linaamka na jua?"

Obeti akacheka. Mimi sikucheka.

Mimi niliingizwa kwa kosa la kupigana ngumi, baada ya mechi kule Onduparaka. Sifichi. Nina hasira, nina mdomo, na mashairi nimejifunza mwenyewe.

Muzamili alivunja vioo vya duka akikimbia sauti za kichwani mwake. Alikuwa akigonga ukuta ili zinyamaze.

"Zamani nilikuwa nameza vidonge, zinatulia," aliniambia. "Nilipokamatwa, basi. Mama amenitupa."

Dawa ya askari wetu ilikuwa fimbo. Fimbo ikishindwa, stoo. Peke yake, mlango umefungwa.

Mgonjwa wa sauti unamfungia na sauti zake! Akili gani hiyo?

Nilipoachiwa, sikwenda kwetu Mvara. Nilipanda gari la Koboko moja kwa moja. Nilikwenda kumtukana huyo mama, wallahi.

Mama yake, Mama Hawah, alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Kisha akaleta kaveera, mfuko wa plastiki. Ndani, pakiti za vidonge. Hakuna hata moja iliyofunguliwa.

"Kila Ijumaa mimi nakwenda pale geti, mwanangu. Askari anasema, 'Mama, madawa hapana ingia hapa.' Namwambia iko ya hospitali. Anasema wahuni wote iko sema hivyo."

"Na salamu zako kwa Muzamili?"

"Alisema atafikisha."

Hakufikisha hata moja.

Matusi yangu yakanikauka mdomoni. Halafu yakarudi, na sasa yalijua pa kwenda.

"Mama, jifunge shuka yako ya gurbaba. Twende Arua."

Getini alikuwa askari yule yule.

"Wewe tena? Umekumbuka posho yetu?"

"Nimeleta dawa, afande. Mpigie daktari aliyeziandika."

"Mimi nasema hapana."

Ndugu msomaji, tunaita jini, tunaita uhuni, tunaita kila jina ili tusiite ugonjwa. Kijana akikosa, sheria imshike. Lakini ukimfunga yeye, usiifungie tiba yake nje. Ubeti wangu ni mfupi:

*Mgonjwa hapigwi fimbo, hutafutiwa tabibu.*

Nilikuwa bado nabishana na askari tulipoisikia, kutoka upande wa stoo.

Du. Du. Du.

Mama Hawah akashika mdomo wake.

Nikapiga lile geti la chuma kwa ngumi zote mbili, nikapaza sauti mpaka boda za barabarani zikasimama:

"Muzamili! Mama yako iko hapa! Amekuja kila Ijumaa! Naapa mbele yake, hatutoki kwenye geti hili mpaka umeze dawa yako!"