Shoka la Ukweni

Anayesema kukata mti ni nguvu tu, huyo hajashika shoka, na akibisha aje kwangu. Zama za Mdachi, reli ikiwa bado ngeni kwetu, nilikuwa fundi cherehani pale Korogwe, karibu na mto. Mikono yangu ilijua sindano na uzi. Kisha nikaenda kuposa Misima, mwendo wa siku mbili kwa miguu, na baba wa binti akanipa kazi ya ukwe kama ilivyokuwa desturi: nikate miti ya shamba jipya la mama mkwe kabla ya mvua za vuli. Nikishindwa, binti anapewa mkulima wa jirani, ambaye alikuwa anasubiri tu nishindwe. Nami nilimpenda yule binti, jamani, mpaka nikafunga cherehani yangu na kumwachia jirani yangu wa Korogwe.

Siku ya kwanza nilijitia aibu. Shoka liliruka, likateleza, likaganda kwenye gome. Kufika adhuhuri viganja vimetoka malengelenge, na mti umesimama vilevile.

Aliyenihurumia ni kaka wa binti. Alikuwa amekata misitu ya mashamba ya Wadachi miezi mingi, akarudi na mgongo wenye alama za kiboko na ufundi wa shoka usio na mfano. Alichuchumaa pembeni akinoa shoka lake, akaniangalia, akacheka.

“Shemeji, huo mti unaukata au unaupigia hodi?”

“Unanicheka badala ya kunisaidia!”

“Nakusaidia. Huo mpini umeukaba kama unachinja kuku. Legeza. Na kiuno umekiacha Korogwe? Mikono peke yake haikati kitu.”

Basi akanifundisha. Miguu niipanue. Nisivute kwa mabega, nigeuke na kiuno. Kosa langu kubwa, lililonitesa wiki nzima, lilikuwa la macho: kabla shoka halijafika, mimi nimeshainua kichwa kutazama limefanya nini. Alinipiga kofi la kisogoni kila nilipofanya hivyo. “Jicho libaki unapotaka shoka liende,” alisema. “Ukilitoa, na shoka linatoka.” Niliudhika, lakini miti ikaanza kuanguka. Tukabakiwa na kipande kidogo tu, na mawingu yalikuwa bado mbali.

Sasa, mama mkwe. Kule mkwe wa kiume hakutani naye uso kwa uso. Ukimwona njiani unaingia majanini, unageuza uso mpaka apite. Yeye naye alinisaidia: akileta uji, alikohoa toka mbali, nami nikageuka, akautua chini ya kichaka na kuondoka. Sikuijua hata sura yake.

Siku moja hakukohoa. Mpaka leo sijui kwa nini, labda alidhani tumepumzika. Shoka langu lilikuwa juu ya bega, kiuno kimeshageuka, mara nikaona pindo la kaniki kushoto kwangu, karibu kabisa. Sikufikiri. Heshima haingoji mtu afikiri. Niligeuza uso kulia, na mwili ukafuata uso, na shoka likafuata mwili. Kulia alikuwa amechuchumaa shemeji yangu, ananoa.

Lilimwingia chini ya goti. Mama mkwe akapiga ukelele, akaja mbio, akapiga magoti kwenye damu mbele yangu, nami nikamwona uso wake wote. Nilisimama tu. Nilishindwa hata kumfunga mwanawe jeraha, mimi fundi wa nguo.

Mguu ulivimba, ukanuka. Waganga wawili walikuja na dawa zao, wakaondoka wameshindwa. Shemeji hakunilaumu hata mara moja, na bora angenitukana. Siku ya tisa tulimzika.

Baada ya matanga nilikwenda kwa baba mkwe kuaga. Nilipiga magoti. “Shikamoo baba. Nimekuja kuomba radhi, nirudi kwetu. Sistahili tena.”

Hakunitazama. “Marahaba. Kile kipande kilichobaki kimalize,” alisema. “Mke utampata.”

Mungu anisamehe, nilifurahi. Mle ndani ya msiba moyo wangu ulifurahi, nikakimaliza kipande kwa siku mbili, kila pigo mahali pake, bila kukosea hata moja. Mvua ikanyesha, tukafungishwa ndoa bila ngoma. Sikurudi kwenye cherehani. Nilijengewa kibanda hukohuko, kando ya shamba.

Siku ya kwanza ya ndoa yetu mke wangu alipika, akanitengea chakula, akakaa mlangoni akinipa mgongo. Nikamwambia, “Mwenzangu, nisamehe.”

“Nilimlilia baba asinioze kwako,” akasema. “Akaniuliza, sasa shamba litalimwa na nani.”