Taa Niliyoililia Miaka Minne, Nikaizima kwa Tochi

Niliandika barua kumi na moja kuomba taa ya barabarani iwashwe.

Siku ilipowashwa, nilikwenda ofisini kuomba izimwe.

Usicheke kwanza. Soma mpaka mwisho, halafu uamue nani wa kuchekwa, mimi au wao.

Mimi ni fundi bomba. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea herufi nivumilie. Mke wangu alifariki mwaka juzi. Nimebaki na mama yake, chumba kilichojaa vipande vya mabomba, na mifuniko ya chuma ya mashimo iliyoegemea ukuta wa uani, ambayo mama mkwe huanikia nguo zake.

Mimi na mama mkwe tunapatana kama sabuni na kidonda.

Sasa, mbele ya geti letu kuna nguzo ya taa. Chini ya nguzo kuna mtaro wa maji machafu, umekaa mdomo wazi.

Taa iliungua. Wakubwa wakanyamaza.

Jioni moja mke wangu alikuwa anarudi kutoka kwenye cherehani yake. Giza. Akatumbukia humo. Nyonga ikavunjika.

Hakufa siku hiyo. Alikufa miezi saba baadaye, kitandani.

Kwa hiyo mtu akiniambia nawachukia bure viongozi wa mtaa huu, namtazama tu.

Barua nne aliandika yeye akiwa amelala. Saba niliandika mimi, na kwa mwandiko wangu barua moja ni kazi ya siku tatu. Zote zilipigwa mhuri wa IMEPOKELEWA na afisa wa mtaa. Tunamwita Bwana Mhuri, maana hiyo ndiyo kazi pekee aliyowahi kuonekana akiifanya.

Lile giza nalo lilituletea jambo.

Miezi ile ya mwisho nilikuwa nambeba mke wangu jioni, namkalisha barazani apate hewa. Taa hakuna, nyota zimejaa kama mchele uliomwagika. Siku moja akanyoosha kidole.

"Baba nanii, ile isiyokonyeza ni nini? Wenzake wote wanakonyeza."

Mimi kwa kujifanya najua, nikajibu, "Ni ndege."

Mama mkwe alikuwa pembeni. Alisikia. Hajawahi kunisamehe.

Tangu hapo, kila ikionekana: "Mkwe, ndege yako bado iko palepale. Haiishiwi mafuta?"

Basi mwaka huu macho ya mama mkwe yakaanza kuondoka. La kushoto limezibwa na mtoto wa jicho, halioni kitu. La kulia lina ukungu, na ukungu unapanda kila wiki. Hospitali wakatuandika kwenye foleni ya upasuaji. Miezi kumi na minne! Wao wanadhani jicho linasubiri foleni.

Jioni moja akaniambia, bila utani.

"Mkwe, mimi nitamkuta mwanangu karibuni. Ataniuliza kile kitu ni nini. Nimpelekee jibu lako la ndege?"



Nikauliza watu. Nikaambiwa ni sayari, inaitwa Zohali, ina duara limeizunguka kiunoni, na duara hilo unaliona kwa darubini.

Basi. Nikaenda kununua darubini. Mimi, mzibua vyoo.

Dukani dada muuzaji akanipokea kwa bashasha, akanipeleka moja kwa moja kwenye boksi kubwa lenye picha za rangi.

"Baba, hii ndiyo moto. Inakuza mara mia sita sabini na tano!"

Nikaitazama. Nyembamba kama mwanzi. Nikaigusa kwa kidole kimoja tu, miguu yake mitatu ikatetemeka kama mgombea anayesubiri matokeo.

Nikatoa futi kamba yangu mfukoni, nikapima kioo cha mbele.

"Unafanya nini, baba?"

"Napima mdomo. Sentimita sita."

"Mdomo wa nini sasa? Angalia ukuzaji! Mia sita sabini na tano!"

"Dada yangu, mimi ni fundi bomba. Mtu akinifungia pampu ya kelele nyingi kwenye bomba la nusu inchi, nitaoga kelele. Mwanga unaingia kupitia hapa mbele. Ukiingia kidogo, hata uukuze mara elfu, utakuza giza."

Akanitazama kama mtu aliyeletewa mgonjwa asiye wake.

Ndipo nikaliona.

Kwenye kona kulikuwa na bomba jeusi, nene, fupi, limeketi juu ya kiti cha mbao kama mzee kwenye kigoda. Ndani yake walikuwa wamechomeka miavuli mitatu.

"Na lile?"

"Ah, lile lina miaka hapa. Halina miguu, baba. Linakaa chini. Wateja wanasema linafanana na bomba la choo."

Weee! Nikatoa miavuli, nikachungulia. Chini kabisa kuna kioo cha kujitazamia, kimebonyea kidogo kama sahani. Nikapima. Sentimita kumi na tano! Nikalisukuma kwa bega. Halikutikisika.

"Linakuza mara ngapi?"

"Lina vioo viwili vidogo vya jichoni. Kimoja mara arobaini na nane, kingine mara mia na ishirini," akasema kwa aibu, kana kwamba anamtangaza mtoto aliyefeli.

"Nalichukua."

Pesa yangu ilifika nusu. Nusu iliyobaki nikawatengenezea choo chao kilichokuwa kinavuja, dada akanisindikiza hadi nje akicheka peke yake.

Nilipofika nyumbani mama mkwe akalipapasa lile bomba kuanzia juu hadi chini.

"Umeniletea choo, mkwe?"

"Kesho jioni utaona, mama."

Kesho yake mchana gari la mtaa likaja. Fundi umeme akapanda nguzo. Saa kumi na mbili na nusu jioni, taa ikawaka.

Miaka minne, jamani! Miaka minne nimeililia, wakaja kuiwasha siku hiyo!

Na haikuwaka kidogo. Mwanga mweupe, mkali, umekaa chini kidogo tu ya pale Zohali inapotokea. Nikamkalisha mama mkwe kwenye darubini. Akainama, akainua kichwa.

"Naona maziwa, mkwe."

Lile jicho lenye ukungu, taa ikilipiga, linajaa weupe lote. Uani hakufai, ghorofa la jirani limeziba anga. Kumpeleka mbali siwezi, magoti yake hayataki.

Asubuhi nikaenda ofisini. Bwana Mhuri akasimama kabisa kunipokea.

"Fundi! Umekuja kushukuru!"

"Nimekuja kuomba muizime. Saa moja tu, jioni moja tu."

Akakaa. Akafungua jalada, akalamba kidole.

"Hapa kuna barua kumi na moja za kuomba iwashwe. Zako na za marehemu."

"Andika ya kumi na mbili."

"Utaratibu wa kuzima ni uleule wa kuwasha."

"Yaani miaka minne?"

"Ukiwa na bahati. Halafu kesho mkubwa anakuja kuizindua. Utepe umeshanunuliwa."

"Kuzindua balbu moja?"

"Ni mradi, fundi. Usiite balbu."

Nikatoka nikiwa nachemka. Lakini njiani nikakumbuka kitu alichoniambia yule fundi umeme akiwa juu ya nguzo: "Mzee, hii haina swichi. Ina jicho hapa ubavuni. Likiona mwanga linajua kumekucha, taa inazima."

Nikatabasamu peke yangu barabarani mpaka watu wakanipisha.

Jioni nikachukua bomba la plastiki refu, juu nikalifunga elbo, kile kipande cha kona, ndani ya elbo nikasokomeza tochi. Nikalisimamisha sambamba na nguzo, nikalikaza kwa mpira wa tyubu, tochi ikaangaliana na jicho la taa uso kwa uso.

Nikaanza kuhesabu. Nilipofika kumi na nane, taa ikazimika.

Ikaamini kumekucha!

Nikasema moyoni, kweli hii taa ni ya serikali. Ukiimulika usoni, inaacha kazi.

Giza letu la zamani likarudi. Nikamshika mama mkwe mkono, nikamkalisha. Nikaitafuta Zohali, nikabadilisha kioo, nikaweka kile cha mara mia na ishirini.

"Chungulia, mama. Usiliguse bomba."

Akainama.

Akakaza lile jicho la kulia.



"Mkwe."

"Naam, mama."

"Ni kama yai lililovaa kofia pana."

"Ndiyo hiyo."

"Si ndege."

"Si ndege, mama."

"Mwongo mkubwa wewe," akasema, na sauti yake ikawa na machozi. Hakutoa jicho pale. "Inakimbia, irudishe." Nikasogeza bomba kidogo. "Ehee. Hapo. Nimeiona, mwanangu. Nimeiona."

Sikujua ananiambia mimi au anamwambia mwingine.

Na hapo hapo, nje ya geti, tukasikia: "Nani amezima mra..."

Pwaa!

Bwana Mhuri. Alikuwa amekuja na futi yake kupima mahali mkubwa atakaposimama kukata utepe. Ametumbukia mtaroni, mzima mzima, na jalada lake kwapani.

Ndugu zangu, nilicheka. Sitadanganya. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Miaka yote ile nilikuwa nimeota kitu kama hicho.

Kisha nikagundua nacheka peke yangu.

Mama mkwe alikuwa ameinua kichwa kwenye darubini, ametazama upande wa geti.

"Mwanangu alitoa sauti hiyohiyo," akasema.

Kicheko kikanikauka mdomoni.

Nikakimbia. Nikamvuta yule mtu juu. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, ila kiatu kimoja kilienda na maji.

"Nani amezima taa?" akafoka. "Nani anahusika hapa?"

Swali lile nalijua. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimeliandika mara saba kwa mkono wangu.

"Mimi," nikamjibu.

Nikatoa tochi. Taa ikawaka, tukatazamana. Yeye ana tope mpaka masikioni, mimi sina pa kuweka uso.

Alfajiri nikaenda uani. Nikaondoa kanga za mama mkwe kwenye ile mifuniko ya chuma. Nikaburuta miwili, nikaikata kingo ikae sawa, nikaufunika mtaro nayo.

Ile mifuniko ilikuwa uani kwangu tangu kabla mke wangu hajaanguka. Ilibaki kwenye kazi fulani. Kila siku niliipita nikienda kuandika barua.

Saa nne mkubwa akaja. Akasimama juu ya mfuniko wangu, akakata utepe, akaipongeza ofisi kwa taa "pamoja na mfuniko imara". Bwana Mhuri, akiwa amevaa viatu vipya, akapiga makofi. Hakunitazama, wala hakunitaja.

Zamani ningepiga kelele hadi sauti ikauke. Siku ile nilikaa kimya, maana mama mkwe alikuwa ameketi karibu yangu, anakigonga kile chuma kwa mkongojo wake. Kengg. Kengg.

"Mkwe, kazi hii imekuchukua muda gani?"

"Nusu saa, mama."

"Na barua moja?"

"Siku tatu."

Nikasubiri anipige kwa maneno, maana anayo mengi. Hakunipiga.

Akasema tu, "Leo jioni izime tena ile taa yao. Sasa hakuna wa kuanguka. Nataka nimwangalie yule mwenye kofia vizuri, nisije nikakosea kumsimulia mwanangu."

Naizima kila jioni yenye anga safi, nusu saa tu. Ofisini wanadhani ni hitilafu. Wameshafungua jalada.

Wewe unayesoma, ukienda kununua darubini pima mdomo wake, usisome boksi.

Na wakubwa bado nawalaumu, sifuti hata neno. Taa ilikuwa yao, mtaro ulikuwa wao, na waliacha watu gizani. Ila kabla hujaandika barua ya kumi na mbili, zunguka kwanza uani kwako, uone kilichoegemea ukuta.

Mimi nilichelewa kuzunguka.