Siku Moyo Wangu Uliporushwa Ukutani Mgwashi

Jamani, mimi nina shahada ya uzamivu, nimesomea moyo na kinga ya mwili miaka mingi kuliko ninayopenda kukumbuka, lakini kule kwetu Mgwashi hakuna anayeniita Daktari. Wananiita Mwenye Wivu. Hata watoto wa shule nikikutana nao njiani wanasimama kabisa, "Shikamoo, Mwenye Wivu," kwa adabu zote, nami naitikia marahaba, nitafanyaje? Nimejitakia. Aibu yenyewe nawasimulia leo, mkishacheka mniache nipumzike.

Ilianza na Naomi, mwenzangu kazini. Wazazi wake walitoka Iringa kuja kuchuma chai kwenye mashamba ya huku, akazaliwa na kukulia kwenye nyumba za wafanyakazi, na tangu tuanze pamoja kwenye mradi wa kupima watoto moyo sijawahi kumshinda kitu. Nikiandika ripoti ya kurasa kumi, yeye anaandika nne na ndizo zinasifiwa. Nikimtoa mtoto damu analia hadi anasikika Bumbuli, yeye akimtoa mtoto yuleyule wanacheka wote wawili. (Nilishamchunguza anavyoshika sindano. Anaishika kama mimi tu.)

Basi ikatangazwa nafasi ya utafiti kwa sisi tuliokwisha kumaliza uzamivu, miaka miwili ng'ambo, kwenye maabara wanakochunguza kwa nini mtoto akiumwa koo kinga yake ya mwili inaweza kupotea njia ikaanza kuushambulia moyo wake mwenyewe, ugonjwa uleule unaotupandisha milimani kila wiki. Nafasi moja. Shangazi yangu nilipomweleza aliniangalia kwa huruma, "Wewe si ulishamaliza kusoma? Au walikufelisha?" Tukaomba wote wawili. Profesa wetu, mama mmoja mfupi, mkali, wa Dar es Salaam, akasema atakuja kutuona tukiwa kazini Mgwashi, kisha atapeleka jina la mmoja.

Nikafurahi mno, maana Mgwashi ni nyumbani. Nikasema moyoni, leo Naomi atajua yuko kwa watu. Nikavaa shati jeupe na tai (kwenye baridi ile, na ukungu umekaa mlangoni), nikawahi ukumbi wa kanisa nikidhani nitakuwa wa kwanza, nikakuta Naomi alishafika, ameshapanga viti na anawachekesha akina mama.

Ukumbi ulijaa. Shangazi, Mama Eliza, dada yake marehemu baba, alikaa mstari wa mbele na kanga yake mpya. Watoto wakaiona mashine na waya zake, wakaanza kujificha nyuma ya mama zao. Profesa akasema, "Nataka mtu mzima mmoja apimwe kwanza, waone kwamba haiumi. Tutarusha picha ukutani." Naomi akafungua mdomo kutaka kujitolea, na mimi kuona vile tu nikawa nimeshasimama. Hapo ndipo nilipojimaliza. Ningekaa tu, jamani, leo ningekuwa na jina langu.

Kwanza sikukumbuka kwamba kupimwa ni kuvua shati. Ndani nilivaa singlendi iliyotoboka kama chujio la chai, akina mama wakaguna, Shangazi akafunika uso. Nikalala kitandani, Naomi akanibandika waya kifuani, projekta ikawashwa, na moyo wangu ukatokea ukutani, mistari ya kijani inapanda na kushuka, pembeni namba nyekundu ya mapigo, kubwa kama ya jezi, na mlio wake, pi, pi, pi. Sabini na nane. Watoto wakatulia. Nikatabasamu kumwelekea Profesa.

Naomi akaanza kuwaeleza wazazi. Alieleza vizuri, lazima niseme ukweli, alisema kinga ya mwili ni askari mgambo, akichanganyikiwa anampiga mwenye nyumba, na ukumbi mzima ukacheka. Profesa akasema, "Safi sana, Naomi." Pi, pi, pi. Tisini na nne. Mzee mmoja akauliza swali gumu, Naomi akalijibu, tena kwa Kishambaa! Kishambaa cha kwetu! Mtoto wa Iringa! Watu wakapiga makofi, Profesa akaandika kitu kwenye daftari lake, na ukutani ikasoma mia moja na ishirini na moja, mlio unakimbizana kama kuku wamemwagiwa mahindi.

Profesa akageuka. "Eliya, unaumwa?"

"Hapana, Profesa, ni baridi."

Sasa yule mama ni mtafiti, hawezi kuona jambo akaliacha. Akamwambia Naomi atoke nje kidogo. Akatoka, namba ikashuka, tisini, themanini na mbili. Akamwita ndani, akamsifia makusudi kwa jinsi alivyopanga viti (viti!), namba ikaruka hadi mia na ishirini na sita. Akamtoa tena nje, akamrudisha tena, mambo yakawa yaleyale, na ukumbi mzima unasoma ukuta.

Ndipo Shangazi akasimama, akapiga kigelegele. "Ee Mungu wangu, nilijua! Mwanangu amependa!"

Basi ikawa sherehe. Akina mama wakaitikia vigelegele, mtu akaanzisha pambio, na Shangazi, ambaye miaka yote ananiuliza lini nitaoa, akamfuata Naomi, akamshika mikono yote miwili. "Mwanangu, kwenu ni wapi? Wazee wako tunawapata wapi, tuje tukae nao?" Naomi alikuwa amegeuka rangi, "Shikamoo, mama, mimi sijui chochote, mama." Nami nimelala pale na waya zangu, singlendi yangu, siwezi hata kukimbia.

Nikawaza kukubali. Kweli kabisa. Mapenzi si aibu kama wivu, ningetabasamu, ningeona haya kidogo, mambo yangeisha. Lakini Profesa hakuwa anacheka. Alifunga daftari. "Naomi, kama kuna uchumba hapa ungeniambia. Barua ya kumpendekeza Eliya uliiandika wewe. Siwezi kumpeleka mtu anayempigia debe mchumba wake, na siwezi kumpeleka aliyependekezwa hivyo. Majina yote mawili nitayaondoa."

Barua gani? Nikamwangalia Naomi. Alikuwa analia. Mimi niliulizwa maoni kuhusu yeye nikaandika mistari miwili, "anafika kazini kwa wakati," na yeye aliandika barua nzima kwa ajili yangu.

Nikaketi kitandani. "Profesa, siyo uchumba."

"Ni nini basi?"

Pi pi pi pi pi. Mia na arobaini.

"Ni wivu," nikasema.

"Sema kwa sauti, mwanangu," akasema Shangazi, "kule nyuma hawajasikia."

"NI WIVU! Namwonea wivu! Akisifiwa naumia! Hata vile viti vimeniuma!"

Na ukutani, mbele ya ukoo wangu wote, namba ikaanza kushuka yenyewe, mia, tisini, themanini, sabini na sita. Profesa akaiangalia mpaka ikatulia, akafungua daftari. Shangazi akakaa, akajifunga kanga upya. "Wivu," akasema, "na vigelegele vyote vile nimepiga."

Naomi ndiye aliyekwenda. Alistahili, nalisema hili taratibu, nikiwa nimekaa na nimepumua. Kabla hajaondoka nilimwomba msamaha, na mwaka huu nafasi zilipotangazwa tena nikamwomba na barua nyingine. Akaniandikia bila kinyongo. Inaanza hivi: "Eliya ni mtafiti ambaye hata akitaka kudanganya, moyo wake hukataa."

Nimeapa, kokote watakakotafuta mtu wa kujitolea mimi nitakalia mikono yangu, na singlendi nimenunua mpya. Wivu ndio bado. Maana ile barua nilipoisoma, badala ya kushukuru, kitu cha kwanza nilichowaza ni hiki: sentensi nzuri namna ile, kwa nini sikuiandika mimi?