Aliyegusa Winchi Hushuka wa Kwanza

Mwanangu, iweke kwanza hiyo krenki juu ya benchi, ufute mikono, ukae. Umeniambia mteja wako wa Geita anataka injini yake ile ile ya winchi ya machimboni iongezwe nguvu. Umeona kwenye simu jinsi ya kuijaza shingo ya krenki, huo mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa kuchomelea, kisha kuikereza upya ikiwa imesogea nje kidogo, ili pistoni iende mbali zaidi na silinda ivute hewa nyingi kuliko ilivyotoka kiwandani. Sikukatazi. Kazi hiyo inafanyika, na mimi niliifanya kabla hujazaliwa. Ila ipo siku moja ambayo ikinijia naacha nilichokishika, na nataka uisikie kabla hujawasha mashine.

Nilikuwa kijana wa kukereza vyuma hapa hapa mjini Shinyanga, kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la vipuri mbele na karakana nyuma. Mikono yangu ilikuwa myepesi, na watu waliniambia hivyo mara nyingi mno. Wateja walitoka Mhunze na Ushirombo wakimuulizia yule kijana. Sifa zilinipanda kichwani, nami sikuzishusha.

Mmoja wa wateja hao alikuwa Mama Shija. Alikuwa mjane, mwenye duara lake, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, huko Geita, na si mtu wa maneno mengi. Duara hilo lilikuwa limeshuka chini sana, na winchi iliyowapandisha wachimbaji na mawe yao ikawa inasuasua. Ilikuwa inaendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja, na kubwa zaidi ya hiyo hakuwa na uwezo nayo. Akaniuliza kama hiyo hiyo yaweza kukuzwa. Nikamjibu huku nacheka, nikimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, lete krenki."

Akaileta. Nikaijaza shingo, yaani pale inaposhikwa na mkono wa pistoni, nikaifukia kwenye majivu ipoe. Sasa nisikilize vizuri hapa. Chuma kilichochomelewa namna ile hakitaki haraka, kikiharakishwa hupasuka, unakiacha kipoe chenyewe, hata kama mteja amekaa mlangoni anakutazama. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini jioni ile kulikuwa na lori linalokwenda Geita na tulikuwa tumeshaweka nafasi yetu, nami nilitaka Mama Shija akasimulie machimboni kwamba kijana wa Shinyanga hacheleweshi kazi. Nikaifukua ikiwa bado ya moto, nikaifunga kwenye mashine, nikaikereza.

Pembeni mwa shingo, pale inapokutana na bega, nikaona mstari mwembamba kama unywele. Nikapitisha msasa, ukafifia. Nikapitisha tena, ukapotea machoni, nikajiambia ulikuwa mkwaruzo tu. Mwanangu, hakuna mtu mwepesi wa kudanganyika kama fundi anayejidanganya mwenyewe.

Asubuhi tulikuwa Geita. Niliifunga injini, nikiwa nimeshapunguza kichwa cha pistoni kisigonge valvu. Ikawaka kwa mlio mzito ambao wachimbaji wale hawakuwahi kuusikia. Tukajaza mawe kwenye lile pipa lililokatwa nusu walilotumia kushukia, tukalishusha mpaka chini, tukalipandisha. Likaja mbio. Vijana wakapiga miluzi, mmoja akanibeba mabegani. Shija, mtoto pekee aliyebaki kwa yule mama, akafunga tochi yake kichwani na kulishika pipa ili ashuke.

"Shija, ngoja," mama yake akasema. Kisha akanigeukia. "Fundi, panda wewe. Utangulie."

Nikadhani ananitania. Nikatazama huku na huku nione nani anacheka, na hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa pale akanieleza kwamba katika duara la Mama Shija, aliyegusa winchi hushuka wa kwanza, akapanda, ndipo wengine wafuate. Mama Shija akaongeza, kwa sauti ya chini tu, "Baba Shija alishushwa na winchi iliyotengenezwa na mtu aliyebaki juu."

Nikatia mguu mmoja ndani ya pipa. Kutoka shimoni kulikuwa kunapanda ubaridi wenye harufu ya udongo na baruti. Na hapo, mwanangu, ule unywele ukanirudia. Niliujua ulipo kama ulimi unavyolijua jino bovu. Shija alikuwa amelishika pipa lisiyumbe, ananitazama kwa upole, akaniambia, "Usiogope, fundi. Si mashine yako mwenyewe?"

Mguu wa pili ulikataa. Sikuuzuia mimi, ulikataa wenyewe. Nikautoa na ule wa kwanza, nikasema, "Mayu, zimeni injini."

Ikazimwa, ukabaki mnyororo wa pipa unalia. Mama Shija akanisogelea. "Umeona nini?"

"Kuna mstari kwenye krenki. Niliuona Shinyanga."

Nilitazamia matusi, hata kofi. Lakini hakuinua mkono. Akasema, "Kwa hiyo uliuona, ukamletea mwanangu." Kisha akakaa juu ya gogo la matimba, yale ya kuegemeza kuta za shimo, akajifunika uso kwa khanga yake, na mabega yakawa yanatikisika. Wachimbaji wakaondoka mmoja mmoja bila kuniangalia. Aliyebaki ni Shija, ndiye aliyeniletea spana, tukaifungua injini sisi wawili. Nimepata aibu nyingine maishani, lakini ile ndiyo niliyozeeka nayo.

Nilirudi Shinyanga nikatafuta krenki nyingine, nikaianza upya. Safari hii niliiacha kwenye majivu mpaka nikaweza kuikumbatia. Niliporudi Geita sikusubiri kuambiwa. Nilipanda pipa, nikashushwa hadi chini, nikakaa gizani kidogo nikiisikiliza injini yangu kwa mbali, nikavutwa juu. Mama Shija akanikagua uso kama anasoma kitu, kisha akamwambia mwanawe, "Haya, sasa nenda."

Utaniuliza kama ile krenki ya kwanza ingekatika. Sijui. Huenda ingedumu miaka, huenda isingefika jioni. Sikuijaribu tena, wala sikuiuza chuma chakavu. Ni kile chuma kinachozuia mlango wa karakana yetu, ulichokuwa unajikwaa nacho tangu ulipoanza kutembea, na kila mara ukiniuliza kwa nini nisikitupe.

Basi ichukue hiyo krenki yako, uijaze, uikereze, uiongezee injini nguvu kama alivyotaka mteja wako. Simu imekufundisha vipimo, na ni vizuri, mimi sikuwa na wa kunifundisha hivyo. Lakini majivu yape muda wake, na jicho lako likiona kitu usilifunge kwa msasa. Na kazi ikiisha, usimkabidhi mtu dukani ukaenda zako kulala. Panda gari uende nayo Geita, na kabla mtoto wa mtu hajashuka, tia miguu yako yote miwili ndani ya pipa. Mmoja ukikataa, usibishane nao. Zima injini, useme ulichokiona, hata kama wote wanakutazama.

Nenda, mwanangu. Mungu akutie nuru machoni na utulivu mikononi, asikunyime riziki kwa sababu ya kuchelewa, na kila atakayeshushwa kwa kazi yako ampandishe salama, mama yake amwone.